Mkaguzi Akisema "Hapana": Kikundi Kifanye Nini?



Vikundi vyetu hapa Mosocho vinajenga darasa, zahanati au tanki la maji. Mara nyingi mfadhili au kaunti hutaka awepo mkaguzi ambaye si fundi wala si mwanakikundi. Wengine huuliza: "Huyu mtu wa tatu ni wa nini? Si anakuja kutuchelewesha tu?" Hebu tuelezane.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na kikundi kimoja kikijenga darasa. Akina mama walikuwa wamebeba mchanga kutoka mtoni wiki nzima. Siku ya kumwaga konkriti ya ringi, ule mkanda wa juu ya madirisha, mkaguzi akafika na futi yake. Ramani ilisema vyuma 4 vya milimita 12, na pete kila sentimita 20. Yeye akakuta vyuma vya milimita 10, na pete zimeachana karibu sentimita 40. Simiti imefunguliwa, mawingu yamekusanyika, na fundi ni shemeji ya mwenyekiti. Mkaguzi akasema: "Leo hakuna kumwaga."

Milimita mbili ni kitu kidogo? Hapana. Ukilinganisha na cha milimita 12, eneo la mkato wa chuma cha milimita 10 limepungua kwa karibu thuluthi moja, na nguvu inapungua vivyo hivyo.

Je, mkaguzi hufanya kazi namna gani?

1. Hupima kabla kitu hakijafunikwa: msingi kabla ya konkriti, vyuma kabla ya kumwaga, mbao za paa kabla ya dari. Hulinganisha kazi na ramani iliyopitishwa, si na maneno ya fundi.

2. Huandika: tarehe, mahali, ramani inasema nini, yeye amekuta nini. Nakala moja kwa fundi, moja kwa kikundi, moja kwa injinia. Neno la mdomo hupotea.

3. Habadilishi ramani. Hiyo ni kazi ya injinia aliyeichora. Injinia ndiye huamua: kubomoa na kurudia, kurekebisha, au kukubali kwa maandishi baada ya kupiga hesabu, pengine na bei ikipunguzwa. Jambo la kuhatarisha maisha halikubaliwi.

4. Akitilia shaka konkriti, haamui kwa macho. Siku ya kumwaga hujazwa masanduku ya sentimita 15 kila upande, na vipande hivyo huvunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28.

5. Hurudi kuangalia. Kasoro haifungwi kwa ahadi ya fundi, hufungwa kwa kazi iliyoonekana na kutiwa sahihi.

Na kikundi? Msilipe sehemu hiyo mpaka mkaguzi atie sahihi. Wekeni risiti na ramani mahali pamoja. Msimwombe mkaguzi "aangalie upande mwingine", wala msimpe chai ya kumnyamazisha.

Fundi akikataa kurekebisha, kaunti inaweza kutoa notisi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019. Mwenye kupewa notisi akiona ameonewa, ana siku 14 za kukata rufaa. Pia iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo inaweza kusimamisha kazi.

Lakini karatasi peke yake haiokoi mtu. Huko Huruma, Nairobi, jengo lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limekwisha kuwekwa alama ya kubomolewa. Watu waliendelea kulala ndani, na karibu 50 walikufa. Mwezi wa Septemba 2019, huko Dagoretti, darasa liliangukia watoto asubuhi, na 8 walifariki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine utazika mtoto.

Turudi kwa kikundi chetu. Walibishana mpaka jioni. Mwenyekiti alinyamaza, maana nyumbani kuna mke na shemeji. Ndipo mama mmoja mzee akasema: "Watakaokaa chini ya ringi hii ni wajukuu wetu. Shemeji atakuwa kwake." Mweka hazina akatoa karatasi ya bei: walikuwa wamelipia vyuma vya milimita 12. Fundi akavifungua vile vyembamba, akanunua vingine kwa pesa yake. Simiti iliyofunguliwa ikatumika kujengea matofali. Siku 6 zilipotea. Mwenyekiti na shemeji yake walikaa muda bila kusalimiana vizuri, lakini sasa wanasalimiana, na watoto wanasoma.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
– Ramani yetu iko wapi, na nani kati yetu anaweza kuisoma?
– Nani alichagua mkaguzi? Je, ana udugu na fundi?
– Akisema "hapana" kesho, tutamsimamia au tutamfukuza?