Hita Inapogoma Kuzima

Elusheni ni kazi isiyolala. Kwenye mitambo midogo ya kuchenjulia dhahabu iliyotapakaa Kahama, Msalala na Geita, kaboni iliyoshiba dhahabu hupakiwa ndani ya mnara wa chuma, kisha mchanganyiko wa moto wa kostiki soda na sianidi hupitishwa humo mpaka dhahabu iachie. Njia ya Zadra, iliyobuniwa Marekani karibu mwaka 1950, huhitaji joto la nyuzi 95 hivi kwa siku mbili au tatu ikifanyika bila presha. Ikifanyika kwa presha, joto hupanda mpaka karibu nyuzi 140 na kazi huisha ndani ya zamu moja au mbili.

Mahali panapotumika hita ya umeme, mtu wa zamu ya usiku anategemea iwake na kuzima yenyewe. Ikigoma kuzima, maji ya tangi la wazi hupungua, kostiki inayobaki huzidi ukali, na elementi hubaki hewani ikaungua. Kwenye mnara uliofungwa, presha hupanda, na anayesimama jirani ndiye atakayemwagikiwa.

Lawama humwendea elementi, na mwenye mtambo hutuma mtu mjini akanunue nyingine. Lakini elementi haina uwezo wa kuamua lolote. Ikipata umeme inatoa joto, ikiukosa inapoa. Kama haizimi, kosa liko kwenye swichi inayoipelekea umeme, au kwenye kifaa kinachoiamuru swichi hiyo. Na kabla ya kumshuku yeyote kati ya hao wawili, kuna hali moja ya kuangalia ambamo hakuna kilichoharibika kabisa.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Geita na Kahama ziko juu zaidi. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo maji ya kwenye tangi la wazi huchemka karibu nyuzi 96. Kostiki na sianidi zilizoyeyuka humo hukisogeza kiwango hicho kidogo tu. Sasa mtu akiweka kidhibiti joto kwenye 98, au kwenye ile 100 tuliyofundishwa shuleni, kidhibiti kitasubiri joto lisilofika kamwe. Maji yakishaanza kuchemka, umeme wote unaoingia hutumika kuyageuza kuwa mvuke. Hita ya kilowati 6 inaweza kukausha lita 9 kwa saa huku kipima joto hakisogei. Dawa yake ni kushusha namba mpaka 93 au 94, na haigharimu hata shilingi.

Birika la umeme la nyumbani limeukwepa mtego huu kwa ustadi ninaoupenda sana. Halingoji nyuzi fulani, linangoja mvuke. Mvuke ukifika kwenye kipande kidogo cha metali mbili zilizounganishwa, metali moja hutanuka kuliko mwenzake, kipande hupinda na kukata umeme. Ndiyo maana birika lililoachwa wazi huendelea kuchemka mpaka mtu alizime. Kipande cha namna hiyo kilibuniwa na John Harrison, mtengeneza saa wa Uingereza wa karne ya 18, aliyetaka saa yake ya baharini isipotoshwe na joto wala baridi.

Kama namba imewekwa sawa na hita bado inawaka, nenda kwenye kontakta, ile swichi inayoipelekea hita umeme. Koili yake ikipata umeme huvuta ncha za shaba zenye fedha zikagusana, na ikikosa, springi huziachanisha kwa mlio unaosikika vizuri. Shusha kidhibiti mpaka chini kabisa, usikilize. Kisha pima umeme kwenye koili. Koili ikiwa bado ina umeme, kontakta inatii amri mbaya, na ugonjwa uko kwa kidhibiti au kwa kihisi chake. Koili ikiwa haina umeme na bado hita inapata, basi ncha zimegandana. Zima meni swichi, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme uliobaki, ndipo ufungue. Ndani utakuta ncha nyeusi zenye vijipele, na mojawapo imeyeyuka ikashika mwenzake kama iliyochomelewa.

Kinachoziyeyusha kwa kawaida ni umeme mdogo. Kwenye mtambo ulio mwisho wa laini, mbali na transfoma, umeme hushuka chini ya volti 230 tunazostahili karasha na pampu za jirani zikiwashwa. Koili inakosa nguvu ya kushika sawasawa, kontakta inatetemeka, na kila mtetemo ni cheche. Kuzipiga msasa ncha hizo na kuzirudisha ni kujidanganya, maana tabaka la fedha limeshaondoka. Badilisha kontakta, weka yenye uwezo mkubwa kidogo kuliko hita, na tafuta kifaa cha kukata umeme voltiji inaposhuka. Mitambo inayotumia rilei za kielektroniki zisizo na ncha haijasalimika: hizo zikifa, mara nyingi hufa zikiwa zimewasha, hasa zikifungwa bila bati la kupoozea.

Koili ikiwa na umeme, mfuate kihisi. Kikichomoka kwenye tundu lake na kuning'inia nje, kinapima hewa ya Geita na kuripoti nyuzi 28 huku mnara unatokota. Thamokapo, ambayo ni aina ya kihisi, nayo ina upande chanya na hasi. Ikiunganishwa kinyume, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo namba inavyoshuka, na kidhibiti kinazidi kuwasha kwa nia njema kabisa. Kwenye waya za aina ya K zinazofuata utaratibu wa Kimarekani, nyekundu ndiyo hasi na njano ndiyo chanya, jambo linalowaponza mafundi waliozoea betri za magari.

Hita za maji ya kuoga kwenye nyumba za wageni zina ugonjwa wao wa ziada. Fundi akigeuza laini na nyutro, themostati inakata nyutro badala ya laini. Siku ganda la elementi likipasuka, umeme hupita kwenye elementi na kuingia ardhini kupitia waya wa ethi, na maji huendelea kupata joto hata themostati ikiwa imekata. Pasipo breka ya kukata umeme unaovuja, hakuna atakayejua mpaka mgeni apigwe shoti. Hita ya lita 50 yenye kilowati 2, ikiwa imeshafika nyuzi 60, huhitaji dakika kama 70 tu kufika 100. Ndani ya tangi lililofungwa maji hayachemki hapo. Yanaendelea kupanda yakiwa bado maji, na tangi likipasuka hulipuka kuwa mvuke kwa mkupuo.

Kwa hiyo inaniuma kuona valvu ya usalama imezibwa kwa plagi kwa sababu “ilikuwa inadondosha maji”. Kudondosha kidogo maji yanapotanuka ni kazi yake. Kwenye elusheni valvu hiyo ielekezwe kwenye chombo cha kukingia, si kwenye njia wanakopita watu, kwa kuwa kinachotoka ni kostiki ya moto yenye sianidi. Na kuwe na kikata joto cha pili, chenye kihisi chake na kontakta yake, kilichowekwa nyuzi chache juu ya kile cha kazi na kisichojirudisha hadi mtu abonyeze kitufe kwa mkono. Kikitumia kontakta ileile ya kwanza, ncha zikigandana havitakuwa viwili tena. Kijaribiwe mnara ukiwa na maji matupu, kabla kaboni haijapakiwa: kidhibiti cha kazi kipandishwe makusudi, fundi asimame kwenye meni swichi, na msimamizi wa zamu aandike kwenye daftari ni nyuzi ngapi kimekata.