Filamu ya visa vitano na hukumu ya wasioiona

Watazamaji wa filamu, sawa na wasomaji wa fasihi, hawajawahi kuwa na kauli moja. Hilo si ajabu wala si aibu. Linalostaajabisha ni kuona mabishano makali kuhusu kazi ambayo wengi wa wanaobishana hawajapata kuitazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa "Stories of Our Lives", filamu ya Kenya ya mwaka 2014, na naamini kisa chake kina funzo kwa mwalimu na mwanafunzi wa fasihi.

Filamu hiyo ilitayarishwa na The Nest, kundi la wasanii wa Nairobi, ikaongozwa na Jim Chuchu. Urefu wake ni takriban saa moja, imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na ndani yake mna visa vitano visivyotegemeana. Visa hivyo viliundwa kutokana na simulizi ambazo kundi hilo lilizikusanya kwa Wakenya wenye mapenzi ya jinsia moja. Katika kimojawapo, wasichana wawili wa shule ya upili wanatenganishwa na mkuu wa shule. Katika kingine, urafiki wa vibarua wawili wa shambani unatiwa majaribuni. Kisa cha mwisho kinauacha uhalisia na kuingia katika ndoto.

Septemba 2014 filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Kanada. Mwezi uliofuata Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya ilikataa kuiidhinisha, kwa hoja kwamba ina mambo machafu na kwamba inaeneza mapenzi yasiyoafikiana na maadili ya taifa. George Gachara, mmoja wa watayarishaji, alikamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila leseni. Kumbe Februari 2015, huko Berlin, jopo la waamuzi wa tuzo za Teddy liliituza filamu hiyohiyo, na watazamaji wa kitengo cha Panorama wakaipigia kura ikashika nafasi ya pili. Mjerumani aliyelipa kiingilio alipewa nafasi ya kutoa maoni kuhusu simulizi za Kenya; Mkenya alinyimwa.

Tukiyachunguza mabishano yenyewe, tutagundua kuwa yanachanganya mambo matatu ambayo mwalimu wa fasihi huyatenganisha kila siku: muundo, mtindo na maudhui.

Tuanze na muundo. Filamu ya mkusanyiko huwachosha baadhi ya watazamaji. Mhusika wanapoanza kumzoea huondoka, kisha wanaanza upya na mgeni mwingine. Hata hivyo, mwanafunzi wa Shianda aliyesoma "Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine", mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, hashangai kwamba hadithi ya pili haiendelezi ya kwanza. Hutafuta uzi unaozishona hadithi zote. Kipimo hichohicho kinaifaa filamu: je, visa vitano vikiwekwa pamoja vinasema jambo ambalo kimoja pekee kisingeweza kulisema?

La pili ni mtindo. Wapo wanaolalamika kwamba picha zilizopangwa kwa uangalifu mno, zisizo na rangi, si maisha ya kweli. Katika taaluma yetu tunauita ukiushi: msanii huvunja mazoea kwa makusudi ili tukitazame upya tulichokizoea. Katika hadithi iliyoupa mkusanyiko nilioutaja jina lake, jitu linaingia mkahawani na kukila chakula chote. Hakuna mwalimu anayelalamika kwamba hakuna binadamu mwenye tumbo kama lile. Tunaelewa kuwa jitu hilo ni unyakuzi wa ardhi ya wanyonge uliovikwa mwili.

Pamoja na hayo, ukiushi si kinga ya lawama. Mtazamaji ana haki ya kusema kuwa uzuri wa picha umemmeza mhusika, au kwamba dakika chache hazitoshi kuujua moyo wa mtu. Lawama kama hizo zilimfikia hata Wes Anderson wa Marekani kwa filamu yake "The French Dispatch" ya mwaka 2021, iliyopangwa kama toleo la jarida, kisa baada ya kisa. Wengine waliiona sanaa iliyokomaa, wengine wakaiona sanduku la vitu vya kuchezea. Wote walikuwa wameitazama, na ndiyo maana ubishi wao ulikuwa na faida.

Lililobaki ni maudhui, na hapa ndipo penye moto. Simwombi msomaji aiache dini yake wala msimamo wake. Ninachosema ni kwamba kuyapinga maudhui ni hukumu, na hukumu hutanguliwa na ushahidi. Isitoshe, hebu tulitazame neno lenyewe. Kuainisha ni kupanga vitu kwa aina zake: hiki cha watoto, hiki cha watu wazima. Kuainisha si kuzika. Bodi yenye jina hilo ingeweza kuwakinga watoto bila kuwafumba macho wazazi wao.

Jambo hilo lilipata ushahidi mwaka 2018. Filamu "Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku mwezi wa Aprili. Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliruhusu ioneshwe kwa siku saba kwa watu wazima waliotaka kuiona. Alieleza kwamba hakushawishika kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi ya maadili yake kutikiswa na filamu. Watu walijaa kumbini. Siku saba zilipokwisha, waliopinga na waliosifu waliweza kutaja tukio, mhusika na mazungumzo.

Hapa Shianda filamu hutufikia zaidi kwa televisheni na simu, na wanafunzi wetu hutazama mengi tusiyowachagulia. Macho hayana pazia, walisema wahenga. Wajibu wa mwalimu basi ni kuwapa kipimo. Mwanafunzi akisema filamu fulani ni mbaya, aulizwe: ubaya uko katika muundo, mtindo au maudhui? Onyesha tukio linalothibitisha. Anayeisifu naye aulizwe vivyo hivyo. Na asiyeitazama aelezwe kwa upole kwamba zamu yake ya kusema bado haijafika. Darasa lililozoea utaratibu huo litaendelea kugawanyika kuhusu kila filamu, lakini litajua linagawanyika juu ya nini.