Somo la Chokaa Ndani ya Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni yako takriban kilomita 8 kaskazini mwa jiji la Tanga, jirani na barabara iendayo Mombasa. Yapo kumi, lakini wageni hutembezwa katika moja tu. Mwamba wake ni wa chokaa iliyojengeka chini ya bahari katika kipindi cha Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Huo ni umri wa mwamba, si wa pango, na ni rahisi kuvichanganya viwili hivyo: mwamba ulitangulia, maji yakaja kuutoboa baadaye sana.

Namna maji yanavyotoboa jiwe ndilo jambo ambalo mchoro wa ubaoni haulielezi vya kutosha. Mvua huchukua kabonidioksaidi hewani, kisha huchukua nyingine nyingi zaidi kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, ikawa tindikali hafifu. Tindikali hiyo hupenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa. Mwanafunzi akidondosha tindikali ya maabara iliyozimuliwa juu ya kipande cha jiwe kilichookotwa nje ya pango, huona povu likitoka papo hapo. Ni kazi ileile ya mvua, ila mvua huifanya kwa maelfu ya miaka.

Ndani ya pango mambo hugeuka. Tone linaloning'inia darini hupoteza gesi yake, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka hubaki pale. Hivyo huota stalaktiti kutoka juu na stalagmiti kutoka chini, na zikikutana huwa nguzo. Ukuaji wake hutofautiana, lakini kasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka ni ya kawaida. Kwa kasi hiyo, stalaktiti ya sentimita 10 imechukua miaka 1,000. Hesabu hiyo ni nyepesi, na ikifanywa mbele ya stalaktiti yenyewe humfunza mtoto maana ya muda wa kijiolojia kuliko kurasa nyingi za kitabu.

Masimulizi ya wenyeji husema njia za Amboni hufika Mombasa, hata Kilimanjaro. Upimaji wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa pango refu kuliko yote halizidi mita 900. Kwa darasa la jiografia hapa pana somo kamili: dai hupimwa kwa tepu na dira, huku masimulizi yakiheshimiwa kama historia ya watu, kwani Amboni ni pia mahali pa matambiko.

Walimu wapange ziara wakati wa kiangazi, waingie na mwongozaji, na kila mwanafunzi awe na tochi na daftari. Nyundo zibaki nje, na stalaktiti zisiguswe: mafuta ya mikono huzuia chokaa kushika, na ukuaji wake husimama.