Baridi ya usiku inatayarishwa mchana: niliyojifunza ku dembo



Leo sileti habari ya konkuru wala ya kazi. Nawaletea habari ya tomati, ya baridi, na ya namna mimi, injenieri wa kilimo mwenye diplomi ya kutundikwa ukutani, nilivyounguza pesa ya mama mudogo wangu kwa usiku mmoja.

Wale wa mikoa ya joto huwa wanatucheka tukisema kwamba Lubumbashi kuna baridi. Basi wafike mwezi wa sita. Mji wetu uko karibu mita 1 200 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mei mpaka Septemba mvua ni kama haipo. Mchana jua linawaka vizuri, lakini likishuka tu, kila mtu anatafuta koti. Usiku wa Juni na Julai joto linashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Ku dembo, yaani mu yale mabonde ya majani yenye maji karibu, linashuka zaidi, na kuna asubuhi unakuta majani yamepakwa kitu cheupe kama unga. Ile ni jalidi: umande ulioganda.

Na njo pale pale ku dembo, njo miezi ile ile, ba-mama na ba-papa wanalima mboga. Juu ya nini? Juu maji iko karibu, wadudu na magonjwa ya masika yamepungua, na soko linangoja. Tena tomati ya wakati wa baridi inauzwa vizuri, kwa sababu wengi wanaogopa kuilima. Shu, karoti na kitunguu vinavumilia baridi, kwa hiyo kila mtu analima vile, na bei inaanguka. Mwenye kufikisha tomati nyekundu sokoni mwezi wa saba, huyo atalipa minerval ya watoto.

Mama mudogo ana plati-bandi kumi na mbili kule. Mwaka ule zamu yake ya likelemba ilifika mwezi wa nne, na mtoto wake wa mwisho alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa Serikali. Akaniambia: « Mwana, weye ulisomaka hii mambo. Chukua plati-bandi sita, fanya tomati. Tutalipa na ile. » Nilifurahi sana. Miaka miwili nilikuwa natembeza CV, na hapa mtu ananiamini bila kuomba uzoefu.

Nikafanya kama nilivyoandika mu kaye yangu. Nilinunua mbegu nzuri, nikapanda miche kwa kamba, nikaacha nafasi sawasawa. Halafu nikakata majani makavu ya pori, nikafunika udongo wote, unene wa mkono. Mu kaye iliandikwa kwamba majani makavu yanalinda udongo na kutunza maji. Ni kweli. Niliwaza: kama yanalinda udongo, yatalinda na tomati juu ya baridi.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye plati-bandi upande wa juu, aliniangalia siku tatu nzima. Yeye udongo wake ulikuwa wazi, mweusi, umelowa. Siku ya nne akaniuliza, bila kuacha kung'oa magugu: « Mwana, ulifunika nini, tomati ao budongo? »

Nikacheka. Niliona ni swali la mtu asiyesoma.

Wiki ya pili ya mwezi wa sita ukaja usiku bila upepo, bila wingu hata moja, nyota zimejaa. Asubuhi nilikuta tomati zangu zimelegea, majani yamekuwa ya kijani-nyeusi kama mboga iliyochemshwa. Kufika saa sita yalikuwa yamekauka. Plati-bandi sita. Kwa jirani, zilizoungua zilikuwa za ukingoni tu.

Sasa niwaeleze kilichotokea, juu mimi mwenyewe nilikielewa kisha kulipa.

Kila kitu chenye joto kinalitoa kidogo kidogo, hata kama jicho halioni. Mchana udongo unapokea joto la jua na kuliweka akiba. Usiku unalirudisha juu. Kukiwa na mawingu, yanarudisha sehemu ya lile joto chini, sawa blanketi. Kukiwa na upepo, hewa ya juu yenye joto kidogo inachanganyika na ya chini. Lakini usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa tupu na upepo umelala, joto linapanda na kwenda zake. Jani la tomati ni jembamba, halina akiba yoyote, kwa hiyo linapoa kuliko hata hewa iliyo karibu nalo. Ndiyo maana jani linaweza kufika digrii 0 wakati kipimo kilichotundikwa kwenye urefu wa mtu kinaonyesha bado digrii 3. Maji ya ndani ya jani yakiganda, yanavuta maji ya chembe na kuziharibu. Jua likitoka, hakuna tena kitu cha kushikilia jani.

Hata bila kuganda, tomati inateseka. Chini ya digrii 10 inaacha kukua, na maua yake yanaanguka bila kuzaa.

Basi usiku ule, kitu kimoja tu kingesaidia mimea yangu: joto ambalo udongo ulilikusanya mchana. Na mimi nilikuwa nimelifungia. Majani makavu yamejaa hewa ndani, na hewa iliyofungwa haipitishi joto. Mchana yalizuia jua lisiingie mu udongo. Usiku yalizuia joto kidogo lililokuwemo lisitoke kwenda kwa tomati. Mizizi ilikuwa salama. Majani yalibaki katikati ya nyasi baridi na mbingu tupu. Mama alikuwa ameniuliza swali sahihi kabisa. Nilifunika udongo. Tomati sikuifunika.

Jioni ile nilienda kumwambia mama mudogo. Alikuwa anasonga bukari. Alinyamaza mpaka alipomaliza kusonga, akaweka sahani, akasema: « Kula kwanza. » Kisha kula akaniuliza kama plati-bandi zingine sita, zake za shu, ziko vizuri. Nikasema ndiyo. « Basi tutauza shu. Na kesho uende kuomba ile mama akufundishe. » Makuta ya mtihani aliyapata kwa kukopa kwa wenzake wa likelemba. Mimi nilijua ni deni langu.

Kesho yake nikaenda. Sikupewa kozi. Kule ku dembo watu wanalima wakizungumza, na maneno ya baridi yanachanganyika na maneno ya makala iliyopanda bei, ya ndoa ya Jumamosi, ya mtoto mwenye kukohoa. Ukitaka kujua kitu, unashika arozuare na unasikiliza. Nilisikiliza mwezi mzima. Haya njo niliyochota, nikiyapima na yale niliyosoma.

Kwanza, maji. Mama jirani anamwagilia asubuhi, jua likishapanda, hata jioni. « Budongo ya kukauka inalalaka na njala », anasema. Udongo mkavu umejaa hewa, haupokei joto kwenda chini. Udongo uliolowa unapokea joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku. Lakini kumwagilia majani wakati jua limeshuka ni makosa mawili: maji yakikauka juu ya jani yanaondoka na joto lake, tena jani lililolala limelowa linaita mildiu, ule ugonjwa wa madoa meusi unaopenda ubaridi na unyevu.

Pili, kufunika mmea wenyewe. Wanapiga miti midogo, wanatandika juu yake magunia, mikeka, bitenge vya zamani. Kifuniko lazima kifike mpaka chini pande zote, juu kinashika joto linalotoka mu udongo. Kikibaki kuning'inia kama mwavuli, joto linapita pembeni. Tena kisiguse majani, juu jani linaloguswa linapoa pamoja na kifuniko. Plastiki nyembamba peke yake inasaidia kidogo tu, kwa sababu inaacha ile mionzi ya joto ipite. Gunia ni bora. Unafunika kabla jua halijazama, wakati joto lingali mu udongo. Asubuhi unafungua, la sivyo udongo haupokei jua na usiku unaofuata utakuta akiba ni sifuri. Kwa miche michache, ndoo ao beseni iliyopinduliwa inatosha.

Tatu, njia ya baridi. Papa mmoja mzee, plati-bandi zake ziko chini kabisa karibu na mto, alinionyesha matete yaliyopandwa kwa mstari mnene upande wangu wa chini. Akasema: « Baridi inatembeaka sawa mayi. Weye uliyifungia mulango, itaenda wapi? » Ni fizikia safi. Hewa baridi ni nzito, inateremka mteremko na kujaa mu shimo. Uzio mnene upande wa chini unakuwa barage: unaizuia pale pale kwa mimea. Tulikata matete sehemu mbili, ikapata pa kupitia. Kama uzio uko upande wa juu, huo uache: unageuza baridi isiingie.

Nne, moto. Vijana wengine wanachoma matairi na majani mabichi ili moshi ufunike shamba. Ba-mama wanawacheka: « Moshi iko naliza macho yetu, baridi iko nacheka. » Wana haki. Chembe za moshi ni ndogo sana, haziwezi kushika joto kama wingu la maji linavyoshika. Na moto mmoja mkubwa unapeleka joto lake juu. Moto mingi midogo ingesaidia kidogo, lakini kwa bei ya kuni na makala ya siku hizi, nani ataweza? Na matairi ni sumu kwa anayeyavuta.

Tano, kuchagua mahali. Tomati, maharagwe, lengalenga na matembele wanaweka upande wa juu wa mteremko. Shu na kitunguu wanashusha chini, ambako baridi inajaa. Hakuna gharama yoyote hapo.

Na yale majani yangu makavu? Sikuyatupa. Majani ya kufunika udongo si adui; mwezi wa tisa, jua likiwa kali na maji yakipungua, yanaokoa shamba. Mu wiki za baridi kali unayasukuma kwenye njia katikati ya plati-bandi, baridi ikiisha unayarudisha. Kaye yangu haikudanganya. Haikusema tu ni kwa baridi gani, na mimi sikuuliza.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Siku moja nilimweleza mama jirani kuhusu mionzi, mawingu na akiba ya joto. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: « Kama ni vile, tukiweka mawe meusi mu njia, itasaidia? » Nikafikiri. Jiwe linapokea joto mchana na kulirudisha usiku, sawa udongo uliolowa. Nikamjibu kwamba inawezekana kusaidia kidogo, mimea iliyo karibu sana. Kesho yake aliweka mawe kwenye plati-bandi moja, nyingine akaiacha bila mawe, apate kulinganisha. Hakuna mtu aliyemfundisha hivyo mu fakulte. Maelezo yangu yalikuwa yamempa swali jipya, kama swali lake lilivyonipa mimi maelezo. Hapo niliacha kuona aibu ya diplomi yangu, na niliacha pia kuona aibu ya arozuare.

Mwaka uliofuata nilipanda tomati plati-bandi tatu tu, upande wa juu, chini ya magunia. Usiku mbili za jalidi zilipita. Zilizoungua ni chache, zile nilizosahau kuteremsha gunia mpaka chini. Deni la mama mudogo nililipa mwezi wa nane. Alihesabu makuta, akatoa kidogo, akanirudishia: « Ya magunia zingine. »

Wenzangu, wengi wetu tuko na diplomi na tunangoja. Mukiwa na mama, shangazi ao jirani mwenye kulima, nendeni kabla baridi haijakaza. Mushike arozuare, museme kidogo, muulize. Na ninyi wa Lubero, wa Masisi, wa Minembwe, kule juu milimani: mnafunika na nini? Tuandikieni, tulinganishe.