Fahamu jinsi rada za setilaiti zinavyopima mwendo wa ardhi, na nini kinabaki kwa mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara na kufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji ya mvua, ikaelemewa na kumeguka.

Tukio hilo linaibua swali la msingi: je, ardhi inapoanza kusogea, inawezekana kuugundua mwendo huo kabla ya madhara? Swali hilo halimhusu mkazi wa mlimani pekee. Linamhusu pia mkazi wa Manzese, Manispaa ya Ubungo, ambako nyumba zimesongamana, na jirani yake wa Tandale ambaye kila masika huutazama Mto Ng'ombe kwa wasiwasi.

Chombo kimojawapo kinachotumika duniani kujibu swali hilo ni rada iliyofungwa kwenye setilaiti. Ni vyema mwananchi akafahamu jinsi inavyofanya kazi, ili taarifa ya kitaalamu inapotolewa ajue inasema nini na haisemi nini.

Rada hiyo haipigi picha kwa mwanga wa jua kama kamera ya simu. Hutuma mawimbi yake yenyewe ardhini na kuyapokea yanaporudi. Kwa sababu hiyo hufanya kazi usiku na mchana, na mawingu mazito ya mvua hayaizuii. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, huzunguka umbali wa takriban kilomita 700 juu ya dunia. Kila moja hurudi juu ya eneo lile lile baada ya siku 12, na picha zake hutolewa bila malipo kwa yeyote anayezihitaji.

Kipimo hupatikana kwa kulinganisha picha mbili za eneo moja zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti. Urefu wa wimbi la rada ya Sentinel-1 ni kama sentimita 5.6. Ikiwa ardhi imesogea kati ya picha ya kwanza na ya pili, wimbi hurudi likiwa limechelewa au limewahi kidogo, na tofauti hiyo huhesabiwa. Kwa kuwa wimbi huenda na kurudi, mzunguko mmoja kamili wa tofauti unalingana na mwendo wa sentimita 2.8 hivi kuelekea setilaiti au kuikimbia. Picha nyingi za miaka kadhaa zikiunganishwa, hata mwendo wa milimita chache kwa mwaka huweza kubainika.

Mbinu hii imekwishatumika hapa nchini. Julai 2007, matetemeko mfululizo yalitikisa eneo la Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron mkoani Arusha. Kubwa kuliko yote, la Julai 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Picha za rada zilionesha kuwa ardhi ya eneo hilo ilikuwa imepasuka na kushuka kwa makumi ya sentimita, na kwamba magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini kwa chini bila kufika juu. Mapema Septemba mwaka huo, volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ilianza kulipuka kwa nguvu. Utafiti mwingine wa rada, uliohusu kipindi cha mwaka 2013 hadi 2023, ulibaini kuwa sehemu ya kilele cha Lengai imekuwa ikishuka kwa hadi sentimita 3.6 kwa mwaka. Jicho la mtu aliyesimama kileleni lisingeweza kuona mwendo wa polepole kiasi hicho.

Katika nchi za baridi kali, kama Urusi na Kanada, mbinu hiyo hiyo hufuatilia ardhi iliyoganda mwaka mzima. Tabaka la juu la ardhi hiyo huvimba barafu inapoongezeka majira ya baridi na kushuka inapoyeyuka majira ya joto. Ambako barafu ya chini zaidi nayo inayeyuka, ardhi hushuka mwaka hadi mwaka, na barabara, mabomba na majengo huathirika. Katika miji kama Jakarta na Mexico City, rada imepima kushuka kwa ardhi kunakotokana na uvutaji mkubwa wa maji ya chini ya ardhi. Chanzo hutofautiana, lakini namna ya kupima ni moja.

Hata hivyo, chombo hiki kina mipaka mitatu ambayo mwananchi anapaswa kuifahamu.

Kwanza, rada hupima mwendo uliokwisha kutokea. Haitaji siku wala saa ya maporomoko. Mteremko unaweza kukaa kimya kwa miaka, kisha ukameguka kwa dakika chache baada ya mvua kubwa, kabla setilaiti haijarudi.

Pili, mimea huivuruga. Majani yanayoota na kupeperuka hubadilisha mawimbi yanayorudi, hivyo mteremko wenye msitu mnene husomeka kwa shida. Mawimbi marefu zaidi hupenya majani vizuri zaidi. Ndiyo sababu setilaiti ya NISAR ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 2025, imefungwa rada yenye wimbi la sentimita 24.

Tatu, haioni kitu kidogo. Mjini rada hufanya kazi vizuri, kwa kuwa mapaa ya bati, kuta na madaraja hurudisha mawimbi kwa nguvu. Lakini katika hali yake ya kawaida, Sentinel-1 huona ardhi kwa vipande vya takriban mita 5 kwa mita 20. Katika mtaa wa Manzese kipande kimoja cha namna hiyo kinaweza kubeba paa la nyumba zaidi ya moja. Rada inaweza kuonesha kuwa eneo zima linashuka, ila ufa wa ukuta mmoja haiuoni.

Hapo ndipo nafasi ya mwananchi inapoanza. Mwenye nyumba iliyo kando ya mto au kwenye mteremko anaweza kutumia kanuni ile ile ya kulinganisha vipimo vya nyakati mbili. Aonapo ufa, aweke alama za penseli pande zake mbili, apime umbali kati ya alama hizo kwa rula, aandike tarehe, kisha apime tena kila baada ya wiki mbili. Ufa unaoendelea kupanuka, mlango ambao ghafla haufungi, mti au nguzo inayoinama, au maji yanayochimbuka mahali palipokuwa pakavu, ni dalili za kutolewa taarifa mara moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa, hivyo taarifa ya mkazi ina mahali pa kufikia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ndiyo yenye jukumu la kufuatilia matetemeko na kuchunguza miamba, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za mvua. Panapokuwa na hatari ya papo hapo, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo.

Mwananchi asisubiri picha kutoka angani ikiwa ukingo wa mto umeanza kumeguka nyuma ya nyumba yake. Tahadhari ya mvua kubwa inapotolewa, na dalili zilizotajwa zimeonekana, hatua ya kwanza ni kuhamisha watoto, wazee na wagonjwa; vitu vya ndani vitafuata.