ZEBAKI ISICHOMWE MAJUMBANI



Nina dukuduku kuhusu uchomaji wa zebaki katika machimbo madogo ya dhahabu huku kwetu Geita.

Mchimbaji akishasaga mawe na kuosha mchanga, hutia zebaki ili inase chembe za dhahabu. Kisha hulichoma donge analopata, zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Nimeona kazi hii ikifanywa uani, juu ya jiko la kupikia, watoto wamezunguka. Mvuke huo hauna harufu, ndiyo maana watu huudharau. Lakini hudhuru ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi.

Wengi hudhani zebaki ikichomwa imekwisha. Si kweli. Zebaki haiteketei wala haiozi. Hupanda hewani, hupoa, hurudi mashambani na mitoni. Katika tope la majini, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia katika samaki, na samaki tunamla sisi.

Wajapani wanalijua jambo hili. Kiwanda kilimwaga maji yenye zebaki katika ghuba ya Minamata, na mwaka 1956 ugonjwa wa walaji samaki ukatambuliwa rasmi. Kuisafisha ghuba hiyo kulikwisha mwaka 1990, baada ya kushughulikia tope la meta za ujazo zipatazo milioni 1.5. Hata hapo sumu haikuteketezwa, ilifukiwa tu.

Dawa yetu ni rahisi. Kuna chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba la kupozea. Mvuke ukipoa hugeuka tena zebaki, ambayo mchimbaji huitumia upya badala ya kununua nyingine. Wengine hukikataa kwa kuwa hawaioni dhahabu yao inapochomwa. Hofu hiyo itaondoka wakionyeshwa mbele ya macho yao. Aidha, marudio yenye zebaki yasitiwe sayanidi kabla zebaki haijaondolewa, maana sayanidi huisambaza zaidi.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao nchi yetu imeuridhia, unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe. Nawaomba maofisa madini na viongozi wa vijiji wavifikishe vyombo hivi machimboni, wafundishe matumizi yake, na kila kijiji kitenge mahali pa kuchomea mbali na nyumba. Tusingoje watoto wetu waugue ndipo tuanze kuulizana.

Mchimbaji Mdogo,
Geita.