Khutba Isimezwe na Mwangwi

Hapa Bangale, kama kwingineko, msikiti wa saruji na bati husifiwa kwa uimara wake. Lakini mzee aliyeketi safu za nyuma mara nyingi husikia mvumo, si maneno. Wengi wetu hukimbilia kipaza sauti kikubwa zaidi. Dawa hiyo haiponyi: sauti ikipaa, mwangwi nao hupaa.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ndani ya msikiti hugonga kuta tupu na paa mara nyingi kabla ya kufifia, na silabi iliyotangulia huifunika inayofuata. Nyumba za jadi za Waorma hazina taabu hiyo, kwani nyasi humeza sauti.

Mwaka 1975 mwanafizikia Mjerumani, Manfred Schroeder, alionyesha kwamba ukuta wenye vina mbalimbali, vilivyopangwa kwa hesabu, huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa mkupuo. Siku hizi kompyuta hujaribu maelfu ya maumbo, ikiacha yaliyo dhaifu na kuyaboresha yaliyo mazuri, hadi lipatikane linalokifaa chumba.

Fundi wetu aweza kuanza bila kompyuta. Zulia nene hupunguza mwangwi. Matofali yanayotokeza na kuzama katika ukuta wa nyuma hutawanya sauti nyembamba za konsonanti. Tunazisihi kamati zetu zilifikirie jambo hili kabla ya kupiga plasta. Kuisikiliza khutba ni wajibu wetu. Kumwezesha mwenzetu aisikie ni amana.